Tepu Kumi na Moja

Muuzaji wa Mtaa wa Aggrey alinipa siku saba.
"Ikikuzingua, mwalimu, irudishe na boksi lake,
na plastiki zake, na hizi tepu za bluu, zote."
Nikazibandua tepu kumi na moja,
nikazibandika nyuma ya mlango wa chumba cha Anyelwisye
kama bibi harusi anayetunza risiti.

Mashine tatu mwili mmoja: inachapa, inatoa nakala, inaskani.
Nimeiweka juu ya cherehani, maana cherehani haina kazi tangu Juni,
na soketi ya ukuta ule
ndiyo pekee Kimanga nzima isiyotoa cheche.

Nianze na mema, haki itendeke.
Jaribio la hisabati la darasa la tano, kurasa arobaini:
herufi zimesimama wima kama watoto paredi,
mistari ya sehemu imenyooka,
alama ya kugawanya ina nukta zake zote mbili.
Kwa Chaurembo wa stesheneri ningelipa kila ukurasa,
nipange foleni, kisha Chaurembo
ayasome maswali yangu kwa sauti
mbele ya mama wa mtoto ninayempima.

Lakini sauti yake!
Ikiamka inakohoa, inasaga meno,
inapeleka kichwa kushoto, kulia, kushoto,
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Naiita dua yake. Dakika moja na nusu,
na kila dua inakunywa wino.
Jumanne umeme ulikatika mara nne;
mara nne ikaanza dua upya.
Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha:
wino uliochapa, robo.
Wino uliokwenda kwenye dua, robo na ushee.

Jumatano njano ikaisha.
Nilitaka kuskani cheti cha kuzaliwa cha mtoto,
kuskani tu, kioo na taa, sikuiomba hata tone.
Ikagoma. Taa nyekundu. Weka njano.
Nikaiambia, mwenzangu,
mpishi akiishiwa chumvi hakatai kufungua mlango.
Ikaendelea kukonyeza.
Njano nimeinunua kwa bei ya kuku wa kienyeji, mzima, na manyoya yake.

Sijui nani alisema, ila Alhamisi mtaa ulishajua.
Kondo, kadi za mchango wa harusi, nakala sitini.
Bi Nsia, kitambulisho, mbele na nyuma,
"na kama haisumbui, mwanangu, kikuze kidogo, uso hauonekani."
Kijana wa bodaboda ambaye jina nililijua kwa kulichapa,
Tegemea Pazi, alileta wasifu wake kwenye simu:
*mchapakazi*, mara tano katika ukurasa mmoja.
Mashine ikalichapa neno hilo bila kukwaruza,
nikaitazama, nikajitazama,
sikujua linamhusu nani.

Jaribio la rangi nililiogopa, nikaliacha mwisho.
Picha yangu ya mahafali ya ualimu.
Mara ya kwanza nilitoka bilinganya.
Mara ya pili, chai ya maziwa.
Mara ya tatu nilitoka dada yangu Subira,
ambaye hatuongei.
Joho peke yake lilikuwa jeusi sawasawa.

Usiku wa Ijumaa nikaijazia ripoti, kalamu nyekundu:
*Kusoma: vizuri. Kuandika: vizuri sana.
Sanaa: hajui watu weusi wana weusi wangapi.
Ana uwezo, ila hupenda visingizio.
Mzazi afike shuleni.*

Jumamosi, saa nne. Boksi liko mapajani.
Nahesabu tepu nyuma ya mlango: kumi.
Ya kumi na moja imeshika kifuniko cha rimoti,
Anyelwisye anaapa hajui imefikaje pale.
Naweza kuibandua. Ni kuibandua tu.
Umeme unarudi. Juu ya cherehani
inakohoa, inaanza, kushoto, kulia,
nami na boksi langu
nangoja imalize.