Maji ya Mwisho wa Agosti

Kwetu beseni moja lina safari ndefu.
Asubuhi linaosha mchele,
maji yanatoka meupe kama uji wa mgonjwa,
yanahamia kwenye sufuria za jana,
kutoka hapo kwenye miguu ya Baluku
aliyeshinda uwanjani kana kwamba kaajiriwa huko,
na mwisho, mazito, yamechoka,
yanapita mlango wa nyuma mikononi mwangu
kwenda kwa biringanya.

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema.
Aliyesema hakuwahi kulima nyuma ya jiko.
Mimi ya Juni nayazoa leo
yakiwa nyanya, tatu kwenye kikonyo kimoja,
na ya nne ina tundu la mdudu.
Hiyo nakula nikiwa nimesimama, bila chumvi,
kabla hawajaniita.

Huku Kilembe mto umekonda,
mawe yake yamekaa nje kama vyombo visivyooshwa.
Mvua tunaiona. Iko juu kule mlimani,
imejifunika, haina haraka na mtu.
Na shule zimefungwa. Nyumba hizi za laini
zilijengwa kwa mchimbaji mmoja na kitanda chake,
sasa tumo sita, na jembe lalala chini ya meza.

Masika analipima boga kwa rula ya shule.
Anaandika nyuma ya daftari la hesabu:
Jumatatu, sentimita thelathini na nne.
Jumanne, thelathini na nne.
Jumatano, *limepumzika*.
Boga lenyewe limepanda bila kuomba ruhusa
hadi juu ya paa la jiko la Kyakimwa, jirani.
Tulibishana siku mbili, tukapatana:
mzizi wangu, paa lake,
kisu tutashika pamoja.

Bwambale hurudi alfajiri kutoka lindo la hospitali,
koti begani, macho mekundu,
hasalimii mtu kabla hajayaona maharage.
Ukimuuliza, atasema alikuwa akikagua ua wa miti.
Basi ule ua ndio unaokaguliwa kuliko yote wilayani.

Halafu kuna mama mkwe.
Kabugho alikuja mwezi wa nne, wiki moja tu,
kutafuta dawa ya magoti.
Magoti bado yanauma, naye bado yupo.
Kila apitapo kwenye kopo langu la rangi
lililotoboka, nilimopanda dalia,
husema, si kwangu, husema kwa hewa:
"Ua haliingii chunguni."

Na kweli Julai nililiacha.
Foleni ya maji ina watu na masufuria,
biringanya, nyanya, miche ya mchicha;
ua nililiaga kimoyomoyo, nikalipa kisogo.
Halikufa.
Majani yalijikunja, yakajikunjua.
Kila asubuhi udongo wa kopo ulikuwa na unyevu
wa ukubwa wa kiganja.
Nikamshuku Masika.
Nikamshuku Bwambale, nikaanza hata kumsamehe
ile pesa ya mabati.

Jana usingizi ulinikatikia kabla ya jogoo.
Nikafungua mlango upana wa jicho.
Ni yeye, Kabugho, kanga kichwani,
kainama kwa magoti yale yale yasiyoinama,
nusu kikombe cha maji aliyonawia uso
anayatia tone, tone, huku akiligombeza
kwa Lukonzo, kwa kukonda bila sababu,
kama anavyonigombeza mimi.

Nikarudisha mlango kwa kidole
usije ukalia.

Wakati wa chai akapita karibu na kopo.
"Ua," akasema, "haliingii chunguni."
"Kweli kabisa, mama," nikasema,
nikambadilishia kikombe,
nikampa kile cha bati, kikubwa,
kinachoingia maji mara mbili.

Hajasema kitu.
Masika anapiga kelele kutoka juu ya paa la watu:
thelathini na tano!