Sanduku la Zloti Mbili

Jumamosi, Katowice, theluji imegeuka tope,
nimepiga magoti dukani kwa Ziemowit
kama mtu aliyeangusha sindano.
Juu, rafuni, santuri za bei ya watu wenye kazi.
Chini, karibu na bomba la joto,
boksi la ndizi: kila moja zloti mbili, usiulize.

Vidole vinajua njia. Vinapekua:
kwaya ya wazima moto, polka, polka, hotuba,
Krismasi ya watoto, polka iliyopindwa na jua,
halafu, hebu simama hapo,

mbuzi.
Amechorwa na mtu asiyewahi kumwona mbuzi,
au aliyemwona mara moja, usiku, akikimbia.
Meno ya binadamu. Pembe moja imeizidi mwenzake.
Nyuma, mlima unawaka moto wa rangi ya karoti
na wanaume wanne wamenuna, nywele mpaka kiunoni,
mmoja kavaa sweta aliyofumiwa, naapa, na shangazi yake.
Maandishi yamejikunja kama vikonyo vya mzabibu.

"Hevi metali ya Kijojia," anasema Ziemowit,
macho hayatoki kwenye chai.
"Mwaka wa tatu ipo hapo. Hata wezi wameikataa."

Rahisi ghali, mama huniambia.
Nikatoa zloti mbili.

Nyumbani sindano ikashuka.
Kwanza mchakato wa vumbi, mafuta yakianza kupata moto;
mtu akakohoa
(wamekiacha kikohozi, pesa ya kurudia wangeitoa wapi),
kisha magitaa yakaingia yote kwa pamoja
kama ng'ombe waliofunguliwa mlango mmoja.
Mpiga ngoma yuko nyuma nusu hatua,
anawakimbilia wenzake wimbo mzima, hawapati.
Mwimbaji anafoka. Siambulii neno.
Labda ni kifo, labda ni kodi ya nyumba.
Ila ubeti wa pili sauti inamkwama kooni,
na hapo nikaelewa.

Bi Otylia wa chini akaanza kugonga bomba kwa mwiko.
Ko. Ko. Ko-ko. Ko.
Nikatega sikio.
Miaka sabini na tisa, nyonga ya metali,
na hakukosea hata pigo moja;
aliyashika yaleyale ambayo kijana wa Tbilisi
aliyakimbilia mpaka mwisho wa upande.

Nikageuza santuri.
Nikaongeza sauti kidogo,
nisimkatishe.