Mshono wa Kurudi Nyuma

Simu ya kwanza huita saa mbili kasorobo,
theluji haijakung'utwa mabuti mlangoni,
na Ghislaine huipokea koti likiwa bado mwilini:
"Lachance na Wanawe, tangu mwaka wa kumi na moja.
Nani amekuumiza?"

Wiki yangu ya kwanza nilidhani ni mzaha.
Baadaye nikajua: anayepigia kiwanda kuhusu glavu
ameumia mahali, kidole au moyo,
na ni heri kuuliza hilo kabla ya kudai risiti.

Mabango ya mjini husema mteja ni mfalme.
Kwetu mteja ni mkono tu,
wa kushoto, mpana, gumba limevunjika mara mbili,
umeandikwa kwa penseli katika daftari la kijani
kwa miandiko ya makarani wanne waliokwisha kufa.
Mali bila daftari, wahenga walisema.
Sisi daftari ndiyo mali. Jengo lenyewe linavuja.

Februari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
kikaja kifurushi kutoka kaskazini mwa Manitoba,
kimezungushwa utepe ule wa kufungia magongo.
Ndani, glavu ya golikipa, rangi ya mkate ulioungua,
kiganja kimetoboka hata niliiona meza kupitia tunduni.
Na barua:
*Mimi Orest Hnatiuk, miaka sitini na minane.
Nadaka Jumanne na Alhamisi.
Baba aliinunua kwenu.
Mlisema dhamana ni ya maisha.
Hamkusema maisha ya nani.*

Niliigeuza nikitafuta muhuri wetu, mbawa mbili na herufi.
Haukuwepo. Ilikuwa kazi ya Bédard,
wapinzani wetu wa ng'ambo ya mto,
waliofilisika kabla sijazaliwa;
jengo lao siku hizi linauza matairi.
Nikashika simu nimwambie mzee wa watu
samahani, bwana, umekosea mlango.

Ghislaine akabonyeza kitufe, laini ikakatika.
"Na mlango wake ni upi?"

Tulishuka ngazi za chuma hadi kwa Aurèle,
ambaye masikio yake yaliliwa na cherehani zamani
na huongea kama anayeita mtu ng'ambo ya uwanja.
Aliipindua glavu ndani nje.
Akapitisha kidole kwenye mshono wa gumba,
polepole, akafika mwisho, akaanza tena.
Safari hii hakupiga kelele.

"Tatu mbele, moja nyuma," alisema.
"Ni mama huyu."

Alianza kwa Bédard akiwa na miaka kumi na minne.
Walimlipa kwa jozi,
na jozi iliyorudi imefumuka walimkata mshahara,
kwa hiyo kila hatua tatu sindano yake ilirudi moja,
kuhakikisha.
Watu waliita ule ustadi.
"Ilikuwa hofu," Aurèle alisema, akitafuta miwani.
Miwani ilikuwa kichwani pake.

Alikata kiganja kipya cha ngozi ya kulungu,
akapaka uzi nta, akashona siku mbili
kazi ambayo kwa kawaida humchukua asubuhi moja.
Alipofika kwenye gumba aliruka.

Ghislaine akafungua daftari la kijani.
Safu ya kazi: *kiganja kimoja, kushoto.*
Safu ya anayedaiwa: *Bédard, ng'ambo ya mto.*
Akakausha wino kwa pumzi,
wino, si penseli,
akaniambia nipeleke kifurushi posta kabla hawajafunga.

Machi, saa mbili kasorobo, Ghislaine yuko kwa daktari wa meno.
Nikapokea mimi, koti mwilini.
Nani amekuumiza?

"Wazee wa Thompson," sauti ikanguruma. "Mabao manne!
Kiganja chenu kigumu kama mlango wa kanisa."

Nikamwambia ailaze chini ya godoro,
kisahani katikati, wiki mbili, asichungulie.
Akaguna. Nikasikia kijiko kikikoroga kikombe.

"Lakini hapa kwenye gumba," alisema,
"hapa msije mkapagusa."

Hatukupagusa, nikasema.