Mizani ya Alhamisi

Miaka thelathini na mmoja nimepima watoto wa watu,
kliniki ya Likoni: ndoana juu, chupi ya turubai chini,
mtoto ananing'inia analia, mama katoa macho
kwa mshale ulionyooka kuliko ulimi wa jirani.
Sasa nimestaafu. Na mjukuu wangu Shebe
amenileta Mishomoroni
nimchagulie nyoka.

Mwachiro ana leseni ukutani, kaitia fremu.
Vitoto vya chatu vimo ndani ya ndoo za aiskrimu,
vifuniko vimetobolewa kwa msumari wa moto.
"Huyu ameshiba, mama. Tazama tumbo."
Nikalitazama.
Tumbo hilo nalijua mimi.
Alinijia mama mmoja, Mola amrehemu,
kamnywesha mwanawe maji, vikombe vitatu, pale pale nje,
ili mshale usimwaibishe mbele ya wenziwe.
Uzito wa mlangoni si uzito.

"Alikula lini?"
"Leo asubuhi."
"Basi mrudishe, asije akatapika. Nipe mwengine."

Sikumkaba shingo. Nilimwacha apite vidoleni,
na nyoka mzima hakungoji umshike, hukushika yeye.
Nikapitisha dole gumba mgongoni, taratibu:
ukiwa mviringo kama boflo iliyoumuka, alhamdulillahi;
ukisimama kama paa la makuti,
mbavu zikaanguka huku na huku,
huyo anajila mwenyewe.
Na kichwa kisizidi haki yake.
Hata watoto, njaa ndiyo huwakuza vichwa.

"Daftari la kula liko wapi?"
"Daftari! Nyoka naye ana skuli?"
Lakini akalitoa, chini ya mto wa kiti.
Jumanne, panya mdogo, kala. Jumanne, kala.
Jumanne, kakataa: macho ya maziwa, anajivua gamba.
Jumapili, kala.
Huyu aliyekataa nikampenda.
Nilimshuku yule wa ndoo ya pili, asiyekataa hata siku moja,
miezi mitatu yote imeandikwa kwa kalamu moja,
mkono mmoja, wino haujabadili hata pumzi.

Nikatoa mizani ya jikoni kwenye mkoba.
Wa ndoo ya nne: gramu mia moja na kumi na mbili.
"Panya asimzidi unene," nikamwambia Shebe,
"na akishakula usimguse siku mbili, hata kwa mapenzi.
Na ujue atakuja kuwa mrefu kuliko kitanda chako."

Shebe hakuwa akinisikia.
Kachutama mbele ya ndoo ya mwisho, ile isiyo na namba.
"Nyanya, na huyu nani atamchukua?"

Paa la makuti. Ngozi ina mikunjo kama soksi ya kuazima.
Huruma nayo ni nzito, nikamwambia,
lakini haipandi mizani.
Tukimnunua huyu kwa kumwonea imani,
Mwachiro kesho atatuwekea mwengine mwembamba zaidi.
Mtoto akaninunia. Ana haki.

Nikamweka hata hivyo. Hamsini na nane.
Nikaiandika kwenye kifuniko kwa kalamu yangu ya zamani,
ile nyekundu, ya kadi za watoto.
"Kila siku ya tano, kidogo. Muweke penye giza
na joto, na maji yake. Nitarudi Alhamisi."
Mwachiro akacheka mpaka akashika ukuta.

Alhamisi nikarudi. Hamsini na nane.
Ya pili, hamsini na saba; nikarudi nyumbani na kivuko
bila kuzungumza na mtu,
nikiwaza vikombe vitatu vya maji.

Ya tatu mvua ilinikamata, nikachelewa.
Mwachiro alikuwa ameshapanguza meza.
Kwenye kifuniko, chini ya nyekundu zangu,
kulikuwa na sitini na moja, ya buluu,
na chini yake sitini na tatu,
nyeusi, imeandikwa kwa haraka,
kalamu nyengine kabisa.