Balbu ya Imants

Wiki ya sita tangu watotolewe,
Aprili, theluji bado imeng'ang'ania kivuli cha ghala,
nikamwona wa kwanza: juu kidogo ya mkia
ngozi tupu, nyekundu,
upana wa sarafu ya senti mbili.

Kesho yake walikuwa watatu. Keshokutwa, saba.
Vifaranga kumi na wanne, na mimi juu ya ndoo iliyopinduliwa
nahesabu vipara kama nilivyohesabu barua
miaka thelathini na mmoja katika posta ya Rauna.

Zigurds wa ng'ambo ya kijito akaja na lenzi yake ya stempu.
"Utitiri," alisema, hata hajainama.
Haya. Kikulacho ki nguoni mwako.
Nikangoja usiku, maana usiku ndio utitiri hutoka nyufani,
nikapitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia.
Kitambaa kikarudi na vumbi, basi.
Nikawapulizia manyoya chini ya mabawa, mmoja mmoja:
ngozi safi,
yenye joto la mkate.

Nikawapa dagaa wa kopo. Nikawapa yai la kuchemsha
(naam, yai, wala hawakuona haya).
Nikawatundikia kabichi kwa uzi wapate la kudonoa.
Vidonda nikavipaka lami ya mti,
karakana nzima ikanuka
mbao za Imants za kutelezea theluji.

Ndipo nikamfuma. Mdogo kuliko wote,
mweusi wa madoadoa, yule niliyekuwa nikimwonea huruma.
Alimsogelea mwenzake taratibu, kwa adabu,
kama mtu anayemtoa jirani uzi begani kanisani,
akavuta.
Unyoya mchanga, shina bado lina damu.
Akaumeza.
Wengine wakageuka kutazama.

Nikamtenga kwenye kapu la nguo chafu.
Siku mbili alilia kama bawaba.
Na kule kwa wenziwe?
Mwingine alikwisha shika kazi.

Jumatano usingizi ulinikataa.
Saa nane za usiku nikashuka, koti juu ya gauni la kulalia,
nikawakuta wote macho,
wamesimama katika mwanga ule mweupe
wakitazamana migongo.

Balbu ya Imants, wati mia na hamsini.
Aliinunua aone meno ya msumeno.
Sijaizima tangu Novemba,
mwanzoni kwa ajili yake,
halafu, nikajiambia, kwa ajili yao, wasipate baridi.
Nao wana manyoya sasa. Walikuwa nayo.

Nikapanda kiti. Ilikuwa ya moto; niliifungua kwa soksi.
Giza likaingia lote kwa pamoja.
Nikawasikia wakikaa chini, mmoja, halafu mwingine,
sauti ya bahasha zikiangukia ndani ya gunia.

Mdogo nilimrudisha Jumapili, gizani,
nikamsukumia ubavuni mwa mwenzake
ili kukicha asiwe kuku mgeni, wa kamba mguuni.

Ni wiki ya tatu hii. Zigurds bado anasema utitiri.
Juu ya mikia zimechomoza ncha za buluu,
ngumu, kama kalamu za risasi zilizochongwa.
Ukizigusa, wanapiga kelele. Sizigusi.

Balbu iko kwenye kabati la jikoni, ndani ya soksi.
Juzi niliitikisa kando ya sikio.
Nzima.