Moja ya Moja

Ngazi za kuja kwangu Nyamakima zinanukia mbegu.
Chini wanauza kunde, choroko, dengu;
juu, mlango wa tatu, ninachonga mihuri.
Makanisa huja, vyama vya akina mama,
shule ya udereva yenye gari moja,
na wale wanaosema kwa sauti ya chini,
ambao huwauliza tu: wino wa bluu au mwekundu?

Jumatatu alikuja Chelagat.
Msanii, akasema,
nikatazama vidole nikitafuta rangi. Visafi.
Akanitolea karatasi nzito ya pamba,
imechapwa mistari minne:

     Beseni moja la maji.
     Liwekwe kizingitini, mlango ukiwa wazi.
     Lisiguswe, lisiongezwe
     hadi likauke.

Chini yake: nambari moja ya moja.
Chini zaidi, kwa herufi za chawa:
cheti hiki kikipotea, kazi imekwisha.
Hakitatolewa kingine.

"Na beseni liko wapi?"
"Hakuna beseni. Atanunua lake."
"Maji?"
"Ya mfereji wake."
"Basi umemuuzia nini?"
Akagonga karatasi kwa ukucha. "Hii."

Mnunuzi ni daktari wa meno, Parklands.
Bei aliitaja kama mtu anayetaja uzito wa mwanawe,
nami nikashika kiti.
Miaka kumi na tisa nadhani najua kuuza hewa.

Sikumcheka. Nilimwona ami yangu, Mukuru,
amesimama mbele ya tingatinga
na barua ya ploti mkononi,
muhuri wake mzuri, wa duara, hata haukuvuja.
Tingatinga halikusoma.
Pale nyumba ilikuwepo, karatasi haikutosha.
Hapa karatasi ipo, nyumba ya nini?

Lakini beseni lilinikaa.
Mama, kule Kaloleni, mwaka ule Oduya
alipotoka kwenda kutazama mpira,
aliliweka mlangoni jioni,
la bati, lenye ua lililobanduka,
aoshe miguu akifika.
Hatukuligusa. Hatukuliongeza.
Lilichukua siku nane, kulikuwa na jua kali.
Akalijaza tena.
Sijui ilikuwa nambari ngapi ya ngapi.
Hakuna aliyetia saini.
Jirani alisema tunafuga mbu.

Chelagat ningemwambia nini?
Kwamba yake ni nakala?
Yake ina tarehe. Ina muhuri
nilioukata mwenyewe, kingo safi,
jina lake limezunguka, katikati tone.

Kila muhuri lazima ujaribiwe.
Nina daftari: chifu, mchungaji, mkaguzi wa nyama,
wote ukurasa mmoja, wote halisi,
maana mpira haujui nani kalipa.
Tone lake nikaligonga hapo mara mbili,
la kwanza lilikolea mno.
La tatu, usiniulize, kwenye kipande cha boksi,
nikakitia mfukoni.

Alipoondoka alibeba bahasha kwa mikono miwili
kama mtu aliyebeba uji wa moto
kwenye ngazi zenye giza.

Kwetu maji huja Alhamisi.
Nikajaza beseni, la plastiki, la kijani,
nikaliweka kizingitini, kipande cha boksi chini yake,
nikafungua mlango, nikakaa.
Apondi akatoka na rundo la sare za shule.
"Hilo nalitaka."
"Ngoja."
"Ningoje nini? Mpaka lini?"

Nilikuwa na jibu, mistari minne, nimeikariri.
Akasimama, sare kifuani, akinitazama
jinsi watu walivyomtazama mama.
Nikamsogezea beseni.

Boksi lilikuwa limelowa, wino umeyeyuka,
na alipofua mle mle, bila kuuliza,
kola moja ilishika bluu.
Tumejaribu limau, tumejaribu jiki.
Mtoto anaivaa hivyo hivyo.