Toa Reli

Nachingwea, ghala namba mbili, msimu wa korosho.
Mizani inapima, skrini inaonyesha kilo,
printa imenyamaza kama mkwe ugenini.
Nje ya dirisha Bi Somoe Namkaa kakalia gunia lake.
Stakabadhi hana, na bila stakabadhi
korosho zake ni maneno tu.

Nafungua dirisha jeusi, naandika njia:
mikwaju miwili isiyo na kivuli,
katikati yake herufi tatu, etc.
Humo mfumo umeweka tabia zake:
nani aingie, saa ifuate ya wapi,
printa ipi ipokee.
Si uchawi. Ni maandishi matupu.
Jina, alama ya sawasawa, thamani;
aliyeishia la saba atayafuata kwa kidole
kama daftari la madeni dukani.

Ila kuna mistari inayoanza na reli,
alama ileile tunayoibonyeza mwisho
tukiangalia salio.
Hapa inakaa mbele,
na mashine ikiiona huuruka mstari mzima
kana kwamba hakuna aliyeandika.

Hayo ni ya binadamu.
Mahupa, kabla hajahamishiwa Liwale, aliniachia:

# Printa ya dirishani mbovu, nimeilaza.
# Ikipona toa reli. Nakili kwanza, usijitie ujuaji.

Chini yake mstari umelala misimu mitatu.

Babu yangu alibeba mataruma hapa
enzi za mashamba ya karanga,
treni ikishuka Mtwara.
Kisha wakang'oa vyuma, wakavipakia,
na treni haikupita tena.
Mimi nang'oa reli moja
ili kitu kipite.

Nimenakili. Nimefuta. Nimehifadhi.

Kimya.

Nikasoma herufi kwa herufi,
nikasaka nafasi iliyozidi, koma iliyopotea,
hata mafaili yanayojificha nyuma ya nukta.
Nusu saa. Bi Somoe akachungulia:
"Unafanya nini muda wote huo?"
Nimeiandikia maelekezo mapya, mama. Haifuati.
"Imeyasoma?
Mjukuu wangu naye namtumia ujumbe, hafungui."

Nikabaki na kidole hewani.
Programu husoma inapoamka, basi.
Hii iliamka alfajiri,
inaishi kwa yale ya alfajiri,
na mimi naibadilishia karatasi mgongoni pake.

Nikaizima. Nikaiwasha.
Printa ikakohoa, ikakohoa tena,
ikatoa karatasi yenye joto:
kilo themanini na mbili, Somoe Namkwa.

"Namkaa," akasema, karatasi kaishika mbali na macho.
"Namkwa simjui, na hela zangu asizijue."

Kabla sijafunga nikaongeza chini ya Mahupa:

# Imepona. Ukibadilisha, izime uiwashe,
# la sivyo hujaiambia kitu.

Jina liko faili jingine.
Nafungua.